Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya filamu: na sisi wa Ziwa tupeni nafasi ya kujipiga picha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania,
Kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na maofisa utamaduni wa Nyamagana na Ilemela,

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mkazi wa Kirumba, nauza dagaa pale Mwaloni, soko letu la samaki, na napenda filamu. Sijawahi kutengeneza filamu na siombi mkopo wa kuitengeneza. Naandika kama mtu anayelipia king'amuzi, anayenunua bando na anayekaa kwenye benchi la kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea mpira na filamu, ili aone hadithi. Watengenezaji wana vyama vya kuwasemea. Sisi watazamaji hatuna, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe.

Ninalotaka kulisema ni moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini serikali yetu imekuwa ikiipima filamu kwa swali la sura ya nchi. Ikituchafua tunakasirika, ikitupamba tunapiga makofi. Kati ya hasira na makofi amesahaulika mtu wa Ziwa. Kila mgeni mwenye kamera anampiga picha, lakini yeye mwenyewe akitaka kushika kamera, njia inakuwa nyembamba.

Nianze na filamu ambayo kila mtu mzima wa Mwanza ameisikia, hata kama hajaiona. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyopigwa hapahapa mjini na kandokando ya Ziwa. Wengi wetu tunaiita filamu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa. Ulaya iliipa tuzo ya filamu bora ya makala mwaka huohuo, Ufaransa ikaipa César mwaka 2006, na mwaka huo ikafika hadi kuwania Oscar. Inaonyesha sangara wakikatwa minofu na kupakiwa kwenye ndege kubwa za mizigo, marubani waliotoka nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, dada zetu waliokuwa wakijiuza kwa marubani hao, watoto wa mitaani, na kina mama wanaokausha mapanki. Juu ya yote hayo kuna swali linalorudiwa: ndege hizi zikija, huwa zimebeba nini?

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete alikuja Mwanza akailaani hadharani. Alikanusha habari kwamba ndege hizo huleta silaha, na akakataa kwamba wananchi wa hapa wameachiwa mapanki huku minofu ikienda Ulaya. Watu wakaandamana mjini. Nawaulizeni, Waheshimiwa: kati ya wale walioandamana, ni wangapi walikuwa wameiona filamu waliyokuwa wakiipinga? Haikuwa imeonyeshwa kwenye ukumbi wowote ambao mchuuzi wa Mwaloni angeweza kuingia. Huko Paris ubishi ulifika mahakamani. Mwanahistoria François Garçon alimtuhumu Sauper kuwa mdanganyifu, na mwaka 2008 mahakama ikamtia hatiani Garçon kwa kumkashifu. Wafaransa wamekwenda hadi kortini kubishania maisha ya Mwanza, na sisi wenye maisha hayo tukaambiwa tu tukasirike.

Nimeitazama filamu hiyo, zaidi ya mara moja, na nitasema ninavyoiona.

Ina upogo. Habari ya silaha inajengwa kwa minong'ono. Kuna rubani anayesimulia kwa uchungu mzigo aliowahi kuupeleka Angola, na simulizi lake linagusa, lakini ni la Angola. Hakuna mahali tunapoona bunduki ikishushwa Mwanza. Mtengenezaji anaweka ndege na vita karibu karibu, kisha anamwachia mtazamaji aunganishe mwenyewe. Anayetazama akiwa Vienna ataunganisha bila shida, kwa sababu tayari anaamini Afrika iko hivyo. Halafu kuna mambo ambayo filamu haikuyaona kabisa. Haikuona kwamba Mwaloni ni soko la kimataifa, ambako Wakongo wanakuja kununua kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na dagaa kwa magunia. Haikuona nyumba zilizojengwa Nyakato na Buhongwa kwa pesa ya sangara, wala watoto waliosoma kwa pesa hiyo. Watu wa mji huu ndani ya filamu ile wanazunguka kwenye giza na matope, kana kwamba jua halichomozi Mwanza.

Lakini ina ukweli pia, na ukweli huo haukujibiwa. Sangara aliletwa ziwani enzi za mkoloni, miaka ya 1950, na akala furu, samaki wadogo wa asili wa Ziwa, mpaka aina nyingi mno zikapotea. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kuliandika hilo kabla Sauper hajafika. Kwamba soko la sangara linashikwa na watu wa mbali, nalo ni kweli. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa mwaka 1997, na tena 1999 baada ya habari za uvuvi wa sumu, walioumia ni wavuvi wa kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshushia samaki, ambao hata Brussels hawaijui iko upande gani.

Kuna mama mmoja kwenye ile filamu ambaye sijaweza kumtoa kichwani. Amesimama katikati ya chanja za mapanki, moshi umetanda, na chini miguuni mwake funza wanatambaa. Anaongea Kiswahili. Anaongea kwa utulivu, kama sisi tunavyoongea tukiwa kazini na mtu amekuja kuuliza bei. Nami nimeshinda kwenye chanja maisha yangu yote ya utu uzima. Najua jinsi moshi unavyokaa kwenye nguo, najua mgongo unavyouma ukigeuza samaki tangu asubuhi mpaka jua linapopinda. Rais alimjibu mtengenezaji, na alikuwa na haki ya kumjibu. Ila yule mama hakujibiwa na mtu. Hakuna aliyekwenda na kamera siku ya pili kumuuliza: mama, hayo waliyoyaonyesha ni kweli? Unalipwa shilingi ngapi? Mwenye kiwanja hiki ni nani? Ungependa waonyeshe nini kingine? Hapo ndipo filamu ingejibiwa kwa filamu. Sisi tulijibu kwa maandamano.

Tangu hapo wageni wameendelea kuja. Mwaka 2012 ilitoka In the Shadow of the Sun ya Mwingereza Harry Freeland, kuhusu mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Imemfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, akizunguka vijijini kuwakabili watu uso kwa uso, na kijana Vedastus wa Ukerewe anayetaka tu kusoma. Hiyo naiheshimu sana, kwa sababu anayeongea na kutembea na kuamua ndani yake ni Mtanzania, na kamera inamfuata yeye. Mwaka 2013 ikaja White Shadow ya Noaz Deshe, ya kubuni, juu ya mambo hayohayo, ikashinda tuzo Venice. Mwaka 2014 ikaja The Boy from Geita, ya kutoka Kanada. Mauaji yale yalitokea, na ni aibu yetu, na mwenye kuyasema hajatukosea. Ila mtazamaji wa mbali akijumlisha, Kanda ya Ziwa kwake ni mapanki na viungo vya binadamu. Mtu akiishia hapo simlaumu, kwa kuwa hatujampa kingine cha kutazama.

Mtaniambia kipo: The Royal Tour. Nimeiona. Aprili 2022 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua New York, yeye mwenyewe akiwa mwongoza watalii wa mtangazaji Peter Greenberg, na kwa upande wa soko la China ikafuata Amazing Tanzania mwaka 2024. Rais kutangaza vivutio vya nchi yake ni jambo jema, na wenzetu wa hoteli wanasema wageni wameongezeka. Lakini tuiite kwa jina lake: ni tangazo la utalii. Tangazo linamwambia mgeni aje. Halimwambii Mtanzania kuhusu Mtanzania mwenzake. Inaniuma kuona nguvu ya dola, magari, vibali na helikopta vinapatikana kwa haraka pale kamera inapokwenda Serengeti, na kamera ya kijana wa Igogo inayotaka kuingia mwaloni inakuta mlango umefungwa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hupiga picha za harusi, alitaka kutengeneza filamu fupi ya makala kuhusu wanaovua dagaa usiku. Alikuwa amenunua kamera yake kwa kudunduliza. Alishika kamera siku moja tu kwenye mwalo mmoja nje ya mji, akaja mtu wa ofisi fulani kumuuliza kibali. Akaenda kwenye ofisi, akapelekwa ofisi nyingine. Huko akaulizwa mswada wa filamu uko wapi, wahusika watasema nini. Akajibu kwamba hajui watasema nini, kwa kuwa hajawauliza bado. Jibu lile lilikuwa la kweli kabisa, na ndilo lililomkwamisha. Sasa amerudi kwenye harusi.

Hapa ndipo pana siasa ambayo mara nyingi hatuitaji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976. Ilitungwa wakati filamu ni kitu kizito, chenye kamera za kampuni na mitambo ya serikali, wakati Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo ilikuwa kila kitu. Imerekebishwa, mwaka 2019 ikafanyiwa marekebisho makubwa, lakini roho yake ni ileile: onyesha kwanza utakachosema, ndipo uruhusiwe kusema. Kwa filamu ya kubuni mtu anaweza kuvumilia, kwa sababu mswada upo kabla ya kamera. Kwa filamu ya makala haiwezekani. Huwezi kuandika mapema atakachosema mvuvi aliyeibiwa injini usiku. Sheria ya namna hiyo haimzuii Sauper, kwa sababu Sauper alikuja, akachanganyika na marubani, akapiga picha zake akaondoka. Inamzuia mtiifu wa hapa, mwenye ofisi anazozijua na uso unaojulikana.

Na mazoea haya ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Kuanzia 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa na mradi pale Vugiri, Tanga, wa kutengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kulima, kuweka akiba na kunawa mikono. Mwafrika alikuwa mwigizaji na mwanafunzi. Tulipojitawala tukaendelea kuiona filamu kama mwalimu anayesimama mbele ya darasa, na serikali ndiye mwalimu mkuu. Nia ilikuwa njema, ila mtazamaji alibaki palepale chini, anayefundishwa.

Bongo movie nayo haijaniokoa. Naipenda, nimelia na Kanumba kama wengine, lakini ukiniuliza nimeona mara ngapi kwenye filamu zetu mtu anayetengua nyavu, nitakuwa na kazi ya kukumbuka. Hadithi ziko Dar es Salaam, sebuleni, kwenye makochi. Si kwamba hatuwezi kutengeneza filamu zenye siasa ndani yake. Amil Shivji alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, akaifanya filamu ya Zanzibar ya wakati wa mkoloni, yenye mapenzi na harakati pamoja, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Kazi safi, ya kwetu, kwa Kiswahili chetu. Basi niambieni, ni lini ililetwa Mwanza ikaonyeshwa kwa kiingilio ambacho mtu wa Mabatini anakimudu?

Nitawapa hadithi moja tu inayongoja, ingawa ziko nyingi. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Bwiru ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa kufika. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi wamezikwa Igoma. Mpaka leo Mwanza inasimulia kwamba waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga bati, kwamba meli ilitobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Nani aliamua itobolewe? Nani alijua kwamba imejaza? Wapiga mbizi waliingia lini, na walikuta nini? Waliotoka hai wanazeeka. Baadhi yao wametutangulia na ushahidi wao. Kisha Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, wakafa watu 228, na maswali yalikuwa yaleyale ya kujaza abiria na kuchelewa kuokoa. Kama tungekuwa na filamu moja ya maana kuhusu MV Bukoba, iliyoonyeshwa kila mwaka kwenye shule na magati ya Kanda hii, naamini kuna nahodha au karani wa tiketi ambaye angekataa kuendelea kupakia. Hilo siwezi kulithibitisha, lakini naliamini.

Filamu ya namna hiyo itakuwa na siasa, haikwepeki. Itauliza maswali juu ya shirika, wizara na uokoaji. Na filamu ya dagaa ninaowauza itakuwa na siasa pia. Piga picha alfajiri kwenye kisiwa chochote cha Sengerema au Ukerewe, mitumbwi ikiingia na taa bado zinawaka, halafu usimame hapohapo wakati wa hesabu. Utaona tajiri akitoa mafuta, chakula na matengenezo ya injini, kisha kinachobaki kikagawanywa, na kibarua aliyekesha majini akikabidhiwa kiasi ambacho kinaisha kabla hajapanda kwenda nyumbani. Fuata gunia hadi Mwaloni, uhesabu kila mahali linapolipiwa ushuru. Filamu hiyo haimtukani mtu. Ni hesabu tu, ila ni hesabu ambayo wengi hawataki ionekane kwenye pazia kubwa. Mimi nataka ionekane, hata kama na mimi mwuzaji nitaonekana vibaya kwa bei ninayomnunulia mvuvi.

Kwa hiyo naomba haya, Waheshimiwa.

Leteni Darwin's Nightmare Mwanza, kwa idhini ya wenyewe, iwekewe maelezo ya Kiswahili pale wanapoongea Kiingereza na Kirusi, mkaionyeshe viwanja vya Furahisha jioni, bure. Wawepo watu wa utafiti wa samaki, wa viwanda, wa uwanja wa ndege, na wazee wa mialo, kipaza sauti kizunguke. Hatutavunjika. Tumeishi na hayo mambo kabla ya kamera na baada ya kamera. Serikali ikiona kuna uongo ndani yake, itaueleza mbele yetu, nasi tutapima. Kuna watu wazima sasa waliozaliwa baada ya ile ghasia, wanaoikuta filamu hiyo kwenye simu zao vipande vipande, bila mtu wa kuwaambia kipi ni kipi.

Pili, tenganisheni filamu ya makala na filamu ya kubuni kwenye masharti ya kibali. Kwa makala, mwombaji aeleze mada, eneo na muda wa kazi, basi. Asidaiwe maneno ya watu ambao hajakutana nao. Kibali hicho kitolewe mkoani. Sheria yenyewe inatambua ngazi ya mkoa na wilaya. Ipeni kazi hiyo, na muweke siku za mwisho za kujibu, ili ofisi ikikaa kimya mwombaji ajue aende wapi. Na mwenye kibali asisumbuliwe na kila mwenye kofia anayekutana naye mwaloni. Mnaogopa matusi na picha chafu; hayo yana sheria zake, na zipo za kutosha.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na unakopesha. Mkopo unamfaa anayetengeneza kitu cha kuuza. Filamu ya MV Bukoba haitamrudishia mtu mkopo, kwa hiyo itafutieni ruzuku, hata ndogo, kabla hatujazika mashahidi wote. Hili naliombea haraka kuliko mengine yote. Kumbi tutazipata, hata kibanda umiza kinaweza kuonyesha kitu cha maana saa ambazo hakuna mpira, mkikaa na wenye vibanda mkawasikiliza badala ya kuwafungia.

Mkuu wa Mkoa, wewe uko karibu nasi kuliko wengine niliowaandikia. Suala la Furahisha liko ndani ya uwezo wako, na halihitaji kubadilisha sheria. Nakuomba uanze nalo. Ikiwa kuna sababu ya kukataa, naomba itajwe kwa maandishi na ibandikwe pale Mwaloni kwenye ubao wa matangazo, tuisome sote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtazamaji na mwuza dagaa,
Kirumba, Mwanza